Sindano Niliyoisingizia

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu, kwa ajili ya pumzi! Naanza na pumzi kwa sababu nyumbani kwetu tumejua jinsi inavyoweza kukatika mtu akiwa amekaa kwenye mkeka, jua linawaka, majirani wanapita.

Siku ile ya ibada ya shukrani uani kwetu walikuwepo hawa. Mchungaji Lodu, aliyeomba. Mke wake, Mama Neema, aliyeongoza nyimbo. Mzee Taban, mwanajeshi mstaafu, aliyetuletea viti vya plastiki kwa toroli na kukataa kusaidiwa. Driciru, ambaye meza yake ya samaki wakavu imegusana na meza yangu ya unga wa muhogo hapa sokoni Koboko. Mama Sadia, jirani yetu wa nyuma ya ua, Mwislamu, aliyekuja kwa sababu alikuwa amepika nami tangu asubuhi, na binti yake Sadia mgongoni. Mdogo wangu wa kiume, Anguyo. Mdogo wangu wa kike, Asianzu, aliyekaa kwenye kiti chenye mto, maana kupona kwake ndiko kulikotukusanya. Na mimi Candiru, mkubwa wao.

Nawataja wote kwa sababu hao ndio waliosikia neno langu. Nilisimama katikati yao nikalia, nikasema, "Sindano ya chanjo ilimwangusha mdogo wangu, na Bwana akamwinua!" Wakapiga makofi. Haleluya zikavuka ua.

Ndugu zangu, leo nimesimama kulirudisha neno hilo. Bwana alimwinua, hiyo ni kweli, na shahidi ni huyo amekaa pale mbele. Lakini sindano haikumwangusha. Nilisingizia kisichokuwa na hatia, na neno langu likatembea kwa miguu yake, likaingia nyumba ambazo mimi sikuingia.

Kwa ninyi wageni, nieleze tulikotoka. Sisi ni watoto wa Aroi, karibu na Arua. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia baba. Mimi nilikuwa darasa la sita. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa kutugawana. Anguyo aende Maracha kuchunga ng'ombe. Asianzu aende Arua mjini akafanye kazi kwenye nyumba za watu. Mimi niolewe. Nikawaambia, "Hatugawanywi." Baba mdogo mmoja akacheka. "Wewe utawalisha na nini? Na vidole?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, na vidole."

Na ni vidole hivi vilivyomenya muhogo, vikauloweka, vikauanika na kuutwanga. Shule niliiacha, sikurudi tena. Tukahamia hapa Koboko kwa sababu soko lake linaleta watu wa Kongo na wa Sudan Kusini, na muuza unga hakosi mnunuzi. Wadogo zangu wakasoma. Wakati ule sikusikitika sana kuacha shule. Nilianza kusikitika baadaye, na mtaona kwa nini.

Asianzu alikuwa karibu kumaliza masomo ya ualimu wa watoto wadogo ugonjwa ulipomjia. Ulianza na kope. Asubuhi aliamka mzima, lakini jua likipanda, kope la kulia linashuka kama pazia lililokatika kamba. Halafu ikafuata taya. Akila nyama anatafuna kidogo, kisha anashika kidevu kwa mkono ili kiendelee na kazi. Akicheka, uso haucheki. Unaona meno tu, kama mtu aliyekasirika. Jioni maneno yake yalipitia puani. Wenzake wakasema amekunywa kwete, pombe yetu ya kienyeji. Msichana ambaye hajawahi kuonja hata povu la kwete! Shangazi mmoja kutoka Aroi akasema ni watu wa upande wa mama wamemkasirikia. Basi tukaanza kuzunguka kwa waganga.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo kosa letu lilipoingilia. Kwetu, mganga akitaka kukupa mizizi, kwanza anakuuliza, "Unakunywa dawa ya nani?" Kama una dawa ya mwingine, unaiweka chini. Dawa za watu wawili hazikutanishwi tumboni, eti zitagombana na mgonjwa ndiye atakayeumia. Bibi aliishi hivyo. Mama aliishi hivyo. Mimi sikufundishwa jambo hilo na mtu yeyote. Nililikuta nyumbani, kama nilivyokuta kinu na mchi.

Tulizunguka hivyo karibu mwaka mzima, tukiweka chini hii na kushika ile, na Asianzu akizidi kulegea. Mwishowe Anguyo alisema, "Dada, mimi nampeleka Arua, hata ukikataa." Nilikuwa nimeshachoka kukataa.

Mjini Arua tulimpata daktari mwanamke, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwambia Asianzu ahesabu kwa sauti. Akahesabu, na kadiri alivyoendelea sauti ikazama mpaka ikawa mluzi. Kisha daktari akaomba barafu. Mimi nikafikiri anataka kunywa soda! Akaitia kwenye glavu, akaiweka juu ya lile kope lililoanguka, tukangoja. Alipoiondoa, kope lilikuwa limepanda. Jicho la mdogo wangu likanitazama lote. Nilipiga vigelegele hospitalini, muuguzi akaja kuniuliza nani amejifungua.

Daktari alitueleza kwa lugha ya kueleweka. Mwili una askari wa kuulinda. Askari wa Asianzu wamechanganyikiwa. Badala ya kupiga adui, wanapiga mahali ambapo mishipa ya fahamu inaipa misuli amri ya kufanya kazi. Amri inatoka, haifiki. Haukuwa uchawi, wala pombe, wala hasira ya watu wa mama. Niliporudi nikamweleza Mzee Taban hivyo hivyo, akacheka mpaka akakohoa. "Hii mambo mimi najua! Hata jeshini sisi ilipiga watu yetu, ilifikiri ni adui. Kazi ni moja tu: tafuta mutu ya kuwatuliza."

Na dawa za kuwatuliza zilikuwepo. Kulikuwa na vidonge vya kuinua kope na kutia nguvu, ambavyo ukivinywa vinafanya kazi kabla chai haijapoa. Na kulikuwa na vidonge vingine vya kuwatuliza wale askari, vinavyofanya kazi polepole. Kwa hivyo daktari alitukazia sana: "Msiviache ghafla. Hata akijisikia mzima, msiviache." Nikaitikia. Niliitikia kwa moyo wote. Asianzu akarudi kuwa mtu. Akamaliza masomo, akaanza kufundisha watoto nyimbo. Akitafuna karanga, mimi nasimama mlangoni nasikiliza zinavyovunjika.

Halafu korona ikaja. Chanjo zilipofika, kituo chetu cha afya kikatangaza kwamba wenye magonjwa ya muda mrefu waje mapema. Anguyo akampigia daktari wa Arua, naye akasema, "Aende, tena asichelewe. Hiyo korona yenyewe ikimpata ndiyo ninayoiogopa." Hakuna aliyekataa. Nilimfulia Asianzu nguo ya kwenda nayo.

Lakini siku chache kabla, nilichukua vile vidonge vyake vyote nikavipandisha juu ya kabati.

Asianzu akaniuliza, "Dada, daktari si alisema nisiache?"

"Huachi. Unaweka chini kidogo tu. Sindano ni mgeni, mpishe kwanza aingie. Akishakaa, tutarudia."

Akanitazama. Mimi ndiye niliyemlea, ndugu zangu. Niliposema kaa, alikaa. Niliposema meza, alimeza. Hakuwa na desturi ya kunipinga, na siku ile natamani angekuwa nayo.

Akadungwa. Mkono ukamuuma, akapata joto kidogo, kesho yake likaisha. Nikaendelea kuvizuia vidonge, nikisema sindano bado haijakaa vizuri. Kisha kope likashuka. Taya ikalegea. Maji aliyokunywa yakarudi kupitia puani. Hapo nilikimbilia kabati, nikavirudisha vidonge vyote kwa mara moja, lakini koo lilikuwa limeshachoka kumeza. Shingo ikashindwa kubeba kichwa, nikawa nakishikilia kama cha mtoto mchanga. Alitaka kukohoa, kikohozi hakikutoka. Alikuwa anapumua juu juu, kama mtu anayenusa.

Mama Sadia ndiye aliyeniona. Aliruka ule ua wa miti, ndugu zangu, na mtoto mgongoni! "Candiru! Weye iko nangoja nini? Simamisha gari!" Akasimama mwenyewe katikati ya barabara ya Arua na kanga yake mkononi, mpaka gari la mizigo la Mkongomani mmoja likasimama. Tulimlaza Asianzu juu ya magunia ya kahawa. Safari nzima nilikuwa namwambia mdogo wangu, "Vuta. Vuta tena. Vuta." Siku ile sikuwa na maombi mengine. Neno langu kwa Mungu na kwa Asianzu lilikuwa hilo hilo moja.

Mjini Arua wakamtia kwenye mashine ya kumpumulia. Waliniuliza, "Dawa zake anakunywa?" Nikajibu, "Anakunywa," kwa sababu nilikuwa nimevirudisha, na kichwani mwangu hakuwa ameacha. Kuweka chini si kuacha! Ndivyo nilivyojua. Wakauliza, "Kuna kitu kipya kilichotokea?" Nikasema, "Alidungwa chanjo." Nao wakaandika walichoambiwa, wakashughulika kumwokoa. Bwana akawapa mikono mizuri. Siku mashine ilipotolewa, neno la kwanza la Asianzu lilikuwa, "Dada, unanuka muhogo." Nikajua ameponywa!

Ndipo tukafanya ile ibada ya shukrani, na nikasema lile neno nililosema.

Sikudanganya, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniuma. Kama ningedanganya, ningejua pa kutubu. Nilisema nilichoona: alidungwa, akaanguka. Vile vidonge juu ya kabati sikuvitaja kwa sababu havikunijia akilini kabisa. Nani anasimama kwenye ushuhuda kueleza kwamba alifagia nyumba?

Neno likaenda. Wanunuzi wakaja mezani kwangu kuuliza unga, wakabaki kuuliza sindano. Mwanamke mmoja alitoka hata Lurujo, eti ameambiwa aje anisikie mwenyewe. Driciru akanitania, "Wee Candiru, siku hizi umekuwa redio. Tuwekee na salamu basi." Nami sitaficha kwamba nilipenda. Mtu aliyeishia darasa la sita, watu wanamnyamazia aseme!

Baadaye ikaja kampeni ya chanjo ya surua kwa watoto. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba. Mama Sadia akaniita juu ya ua, mwiko mkononi.

"Candiru, hii sindano ya watoto, weye iko nasema nini?"

Nikamwambia, "Mimi sindano naogopa, Mama Sadia. Wewe si uliona."

"Kweli, mimi iliona na macho yangu."

Ni hayo tu. Akaingia ndani na Sadia, akafunga mlango mpaka wahudumu wakapita.

Surua ikaingia mtaani kwetu wakati wa kiangazi. Sadia akaugua vibaya. Homa, vipele, kifua, na macho yakavimba yakaziba. Alikaa muda mrefu hospitalini. Alipona, Mungu asifiwe, alipona! Lakini jicho la kushoto lilibaki na utando mweupe. Mtoto aliyekuwa akipanda ule ua kama paka akawa anapapasa upande mmoja.

Mama Sadia hakuninenea neno baya hata moja. Aliendelea kunipa makaa ya kuwashia moto asubuhi. Aliendelea kuniuliza, "Asianzu iko nakula?" Wakati ule mimi mwenyewe sikuwa nimeunganisha mambo. Nilimwonea huruma kama jirani, nikampelekea unga. Kisha mume wake akapata biashara ya sabuni na mafuta ng'ambo ya mpaka, soko la Ariwara, Kongo, wakahama. Tulikumbatiana. Akaniambia, "Weye ni ndugu yangu." Gari likaondoka, Sadia ananipungia mkono, akitafuta upande niliopo.

Sasa, siku ya kufunguliwa kwangu. Tulikwenda Arua, Asianzu kuangaliwa kama kawaida. Daktari akatazama karatasi zake akauliza, "Mbona hakupata chanjo nyingine tangu ile? Ya korona hakurudia, ya kichomi hajapata." Nikajinyoosha kwenye kiti, maana nilikuwa redio, nikasema, "Daktari, sindano ilitaka kumuua. Hatadungwa tena."

Hakunikaripia. Alisema, "Nieleze taratibu. Siku zile kabla ya sindano, alikuwa anafanya nini, anakula nini, anakunywa nini?"

Nikaanza. Alikula hivi, alilala hivi. Ndipo Asianzu, mdogo wangu asiyenipinga, akaweka mkono juu ya goti langu na kusema polepole, "Na dawa zilikuwa juu ya kabati, dada."

Daktari akaniuliza, "Zilikuwa juu ya kabati kwa nini?" Nikaeleza kuhusu kuweka chini. Niliposikia maneno yangu yakitoka mbele ya mtu ambaye hakukulia Aroi, niliyasikia kwa mara ya kwanza.

Daktari alisema hivi, nami nayarudia maneno yake kama nilivyoweza kuyashika. Alisema, "Siwezi kukuapia kwamba hakuna mgonjwa wa aina hii anayelegea kidogo baada ya chanjo. Wapo wachache, ndiyo sababu tunawaangalia kwa karibu. Lakini kukata vidonge hivi ghafla kunaweza kumwangusha mtu namna ile ile aliyoanguka, na ugonjwa unaokingwa na chanjo unamwangusha vibaya kuliko chanjo yenyewe. Chanjo aliyopata haikuwa na kirusi hai ndani yake. Chanjo haigombani na vidonge vyake. Anavinywa kabla, anavinywa siku ile, anavinywa baada."

Kisha akaongeza jambo ambalo nataka kila mwenye mgonjwa kama wetu alisikie. Zipo chanjo chache zenye kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa, kama ile ya homa ya manjano. Hizo, mtu anayekunywa vidonge vya kuwatuliza askari asidungwe mpaka azungumze na daktari wake. Kwa hiyo jambo la kufanya si kukimbia kila sindano, wala kupokea yoyote ukiwa umefunga mdomo. Mwambie mhudumu, "Nina ugonjwa huu, nakunywa dawa hizi." Basi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na ile ya surua ya watoto?"

"Nayo ina kirusi hai, kwa hiyo Asianzu asipewe bila kuniuliza. Lakini mtoto mzima asiye na ugonjwa wala dawa hizi, ni kinga yake. Tena watoto wa jirani wakichanjwa, wanamkinga na Asianzu pia." Akanitazama. "Kuna mtoto?"

Nililia kilio ambacho sikulia hata mdogo wangu alipokuwa kwenye mashine. Pale nilikuwa na cha kumwomba Mungu. Hapa nilikuwa naliona jicho la Sadia, na jicho halirudi.

Ndugu zangu, wengine mnasema kufunguliwa ni furaha. Mimi nilifunguliwa siku ile, na ilikuwa kama kufunguliwa macho chumbani ukute vitu ulivyovunja gizani. Lakini nawaambia, ni heri kuona! Bwana angeweza kuniacha nikiendelea kuitwa redio. Hakuniacha. Jina lake libarikiwe!

Asianzu akasema, "Daktari, nidunge ile ya kichomi leo leo, kabla dada hajapata neno." Tukacheka, hata mimi na machozi yangu. Akatoa vidonge vyake mkobani, akameza mbele ya muuguzi, akanyoosha mkono. Ulikuwa ni mkono wake, lakini mimi ndiye niliyefumba macho. Mkono ulimuuma. Kesho yake nilimfuata nyumba nzima nikitazama kope lake mpaka akakasirika. "Dada, mimi si chungu cha maziwa!" Siku zikapita. Kope likakaa mahali pake. Mwisho wa wiki alikaa mlangoni na bakuli la karanga, akatafuna moja baada ya nyingine, kwa kelele za makusudi, ili nisikie.

Ndipo nikaanza kuwazungukia walioshuhudia siku ile, mmoja mmoja. Mchungaji Lodu aliinamisha kichwa akasema, "Hata mimi nilirudia neno lako Lurujo, kwenye mazishi." Akaahidi kurudi huko, na amerudi. Mama Neema aliomba pamoja nami. Mzee Taban alisema, "Jeshini, ukipeleka ripoti mbaya, hapana kimbia. Napeleka ripoti ingine. Wacha kulia, peleka." Driciru alipanga samaki wake, kisha akasema, "Basi redio ibadilishe stesheni. Lakini sauti iwe kubwa kama ile ya kwanza." Kila anayekuja mezani kwetu, yeye mwenyewe anamwambia, "Kabla hujanunua samaki, msikilize huyu."

Akabaki mmoja.

Nilipata namba ya mume wa Mama Sadia kwa wafanyabiashara wa sabuni. Aliposhika simu alipiga kelele za furaha. "Candiru! Asianzu iko? Iko nakula?" Nikamwambia anakula karanga. Akacheka. Akaniambia amejaliwa mtoto mwingine, binti, ameanza kukaa. Kisha, kabla sijasema nilichompigia, akasema kwa sauti ya chini kama anayenipa zawadi, "Huyu mimi ilificha, kama ile uliniambia. Sindano hata moja hapana gusa yeye."

Nikamweleza yote palepale, kwa haraka, kabati na vidonge na maneno ya daktari. Nilimwambia, "Sadia hakuwa na sababu ya kufichwa. Nilikosea, Mama Sadia. Mchanje huyu mtoto kesho."

Akasema, "Hapana, Candiru. Hiyo maneno ya simu mimi hapana amini. Mutu inaweza kukulazimisha kusema. Siku ile ulisimama mbele ya watu, ukalia, Asianzu iko pale kwa kiti. Mimi iliona. Sasa ukuje na Asianzu. Simama mbele yangu, sema. Hapo mimi itasikia."

Nami simlaumu. Alinipima kwa kipimo nilichompa mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunajiandaa kwenda Ariwara. Mpakani wanataka cheti cha homa ya manjano, na hiyo ndiyo chanjo ambayo Asianzu, kwa dawa zake, hapaswi kudungwa. Kuna mtu sokoni aliniambia, "Dada, unahangaika nini? Cheti kinapatikana bila sindano, na njia ya porini ipo." Nikamkatalia. Siendi kurekebisha uongo nikiwa nimebeba uongo mkobani. Daktari wa Arua amesema atamwandikia Asianzu barua ya kueleza kwa nini hakudungwa. Tunaingoja, na kila siku ya kungoja ninapiga simu kuuliza kama surua imefika kule. Mume wake ameshaanza kuchoka nami. Na apokee tu.

Nawashukuru mlioniombea. Nawashukuru madaktari na wauguzi ambao sikuwa na adabu nao. Nakushukuru, Asianzu, kwa mkono uliouweka kwenye goti langu. Kama ungeuweka mapema zaidi, au kama mimi ningekuwa mtu wa kuambiwa! Enyi wakubwa wa nyumba, mliobeba wadogo zenu mgongoni, nawasihi: acheni wadogo wawajibu. Na wewe uliyesikia neno langu la kwanza ukaficha mtoto wako, mtumaini Bwana na umpeleke kituoni. Ukiwa na mgonjwa kama wetu, uliza kwanza, sema dawa anazokunywa, na usizipandishe juu ya kabati. Mungu hakasiriki ukiuliza daktari. Mimi nimeuliza nimechelewa, na bado alinipokea.

Jicho la Sadia sina cha kulilipia, wala sitajidanganya kwamba nitalilipa. Mkiniona nacheka sokoni, jueni hilo lipo chini ya kicheko. Lakini mdogo wake bado ana macho yote mawili. Niombeeni barua ifike. Deni langu liko ng'ambo ya mpaka, ndugu zangu, mgongoni mwa mama yake, limeanza kukaa, na bado halijachanjwa.